Kukodi jeti kubwa ya zamani kwa safari ya kundi kutoka Malindi na Lamu: maswali ninayoulizwa kila mara

Wanaonijia kwa habari hizi ni watu wa aina tatu. Kuna jamaa za Lamu na Malindi wenye ndugu Muscat na Dubai, wanaotaka ukoo mzima ufike arusini pamoja. Kuna Waitaliano wa hapa Malindi ambao wakati wa sikukuu hujikusanya kumi na wawili, kumi na wanne, waende Milan kwa mpigo mmoja. Na kuna wenye hoteli na makundi ya kazi. Wote huanza na bei. Mimi huwarudisha nyuma kwanza, maana kwenye safari hizi bei ndiyo jambo la mwisho kujulikana. Haya ndiyo majibu yangu, kama ninavyoyasema tukiwa tumekaa barazani na kahawa mkononi.

"Jeti kubwa ya zamani" ni ndege gani hasa?

Ni zile jeti za watu binafsi ambazo mtu mzima husimama wima ndani yake, na zinazovuka bahari au jangwa bila kushuka. Utakazotajiwa mara nyingi ni Gulfstream G-III, iliyoruka mara ya kwanza 1979, na G-IV iliyoifuata 1985. G-V ilikuja 1995 na inakwenda mbali zaidi ya hizo mbili. Kuna Challenger 601 na 604, uzao wa ndege iliyoruka mara ya kwanza 1978. Hizi zina tumbo pana, karibu mita mbili na nusu. Kuna pia Falcon 900 ya Wafaransa, yenye injini tatu, ya 1984.

G-IV ndiyo nitakayoitolea mifano mingi hapa kwa sababu ndiyo inayotajwa sana kwenye bei ninazoletewa. Urefu wa ndani, sakafu hadi dari, ni futi 6 na inchi 1. Madirisha yake ni ya duara la yai, makubwa kuliko ya ndege za abiria, na ukikaa upande wa kulia asubuhi mkipanda kutoka Mombasa kuelekea kaskazini unauona mwambao wote: Kilifi, Watamu, mdomo wa Sabaki na maji yake mekundu yanavyoingia baharini.

Kwa nini tuchukue ya zamani na si mpya?

Kwa sababu ya fedha. Jeti iliyotoka kiwandani mwaka jana ina deni la ununuzi linalolipwa kila mwezi, na deni hilo limo ndani ya bei yako ya saa. Jeti ya miaka ishirini na tano au thelathini imenunuliwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Nafasi ya ndani ni ile ile. Futi hazipungui kwa uzee. Unachokosa ni intaneti ya kasi, utulivu wa sauti, na pengine umaridadi. Unachozidishiwa ni mafuta: G-IV hunywa takriban lita 1,700 hadi 1,900 kwa saa.

Ndege itatufuata hapa Malindi?

Hili ndilo swali linalowavunja watu moyo, basi nilijibu kwa urefu.

Njia ya kurukia ya Malindi ina takriban mita 1,400. Habari za kuirefusha tumezisikia miaka mingi. Kwa ndege za abiria zinazotoka Nairobi inatosha. Kwa jeti kubwa iliyojaa mafuta ya kwenda Ulaya haitoshi, na asikudanganye mtu. G-IV ikiwa na uzito wake wote, tani 33 na kitu, inahitaji zaidi ya mita 1,600 usawa wa bahari, tena kwa hesabu ya hewa ya nyuzi 15. Hapa kwetu mwezi wa Machi joto ni nyuzi 32 au zaidi, na hewa ya moto huifanya ndege idai njia ndefu zaidi.

Huwa naambiwa: "Basi itue tu hapa, ituchukue na mafuta kidogo, ikajaze Mombasa." Nako kuna kikwazo. Kanuni za kutua kwa jeti zinazobeba abiria kwa malipo huko Ulaya na Marekani kwa kawaida zinataka ndege iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo. Asilimia 60 ya mita 1,400 ni mita 840. Rubani mwenye akili akiiona namba hiyo atakwambia twende Mombasa, na rubani wa namna hiyo ndiye wa kumtaka.

Habari njema ni kwamba Mombasa ni kiwanja cha neema kwa kazi hii. Njia yake kuu ina mita 3,350, na kiwanja kiko chini, mita 60 na kidogo tu juu ya bahari. Jomo Kenyatta pale Nairobi njia yake ni ndefu zaidi lakini kiwanja kiko mita 1,624 juu, hewa ni nyepesi, na injini hazisukumi kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo ndege hiyo hiyo ikiondoka Mombasa inaweza kubeba watu na mafuta ambayo Nairobi ingelazimika kupunguza. Watu wa pwani tumezoea kuambiwa kila kitu kianzie Nairobi. Kwa safari hii, hapana.

Toka Malindi mpaka Mombasa ni kilomita kama 120. Hesabuni saa tatu barabarani, hata kama mmezoea kutumia mbili, kwa sababu ya msongamano wa magari wa Mtwapa. Anayeijua Mtwapa jioni hahitaji maelezo.

Na sisi wa Lamu?

Nyinyi mna hatua moja zaidi: mashua kutoka gatini mpaka kisiwa cha Manda, kiwanja kilipo, kisha ndege ndogo mpaka Mombasa. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama 240, na ndege ya pangaboi hutumia saa moja hivi. Barabara ya kupitia Garsen siipendekezi siku ya safari yenyewe. Vizuizi vya usalama vinaweza kukula nusu siku, na jeti inayosubiri inakuhesabia.

Angalieni mambo mawili. Kwanza bahari. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni na Julai, kuvuka kwenda Manda na wazee na masanduku kunataka boti kubwa na subira, na maji yakipwa kushuka gatini ni kazi nyingine. Ulizeni maji siku hiyo yanajaa saa ngapi kabla hamjapanga saa ya ndege. Pili mizigo. Ndege ndogo nyingi za pwani na mbugani hukubali kilo 15 kwa mtu, kwenye mkoba laini usio na fremu. Jeti yenu itakubali zaidi, lakini sanduku haliwezi kuifikia jeti bila kupita kwenye ile ndege ndogo. Yako makundi yaliyoacha masanduku sita Manda kwa sababu hakuna aliyewaambia. Suluhisho ni kutanguliza masanduku kwa barabara siku mbili kabla, na kijana mmoja wa kuaminika akae nayo Mombasa.

Inabeba watu wangapi?

Jeti hizi husajiliwa mara nyingi kwa abiria wasiozidi 19, na viti utakavyovikuta ni kati ya 12 na 16. Lakini viti si jibu la swali lako. Jibu liko kwenye uzito.

G-IV ikijazwa mafuta mpaka juu, kinachobaki kwa ajili ya watu na mizigo ni kilo mia chache tu. Kila ndege ina karatasi yake ya uzito, na zilizowekewa makochi mazito na marumaru chooni zimebakiwa na pungufu hata ya hapo. Sasa chukua watu 14, kila mmoja kilo 80, na sanduku la kilo 23. Umefika kilo 1,442. Ndege inazibeba bila shida, ila lazima upunguze mafuta kufidia, na kila kilo ya mafuta iliyopunguzwa ni umbali uliotoka kwenye mwendo wako. Ndiyo maana tangazo likisema "watu 16, kilomita 7,800 bila kusimama", jua hizo ni sifa mbili za ndege moja zisizokutana siku moja.

Kwa hiyo nikipanga safari huwapima watu. Nina mizani ya kawaida ya kusimamia. Naiweka chumbani, anaingia mtu mmoja mmoja, naandika, sisomi kwa sauti. Mara ya kwanza kina mama walinuna. Safari ya pili wao ndio waliowaambia wengine, ingia, hakuna anayeangalia. Uzito wa kukisia hupungua kila mara, sijaona unaoongezeka, na rubani akipewa kundi la watu 14 waliojipunguzia kilo saba saba anaruka na karibu kilo 100 asizozijua.

Na kulala? Safari ya usiku, G-IV yenye viti 14 italaza watu watano au sita kwa raha, viti vikikunjuliwa kuelekeana na kochi likitandikwa. Waliobaki wataegemea. Amueni mapema nani anapata kitanda, wazee kwanza, msije mkalijadili angani.

Tutafika wapi bila kusimama?

Kwa mstari ulionyooka kutoka Mombasa: Jeddah ni kilomita kama 2,860, Muscat na Dubai kama 3,680 kila moja, Mumbai kama 4,460. Hizo zote jeti yoyote niliyoitaja inakwenda na kundi lililojaa na akiba ya mafuta ikabaki. Jeddah ni saa tatu na nusu hivi, Muscat nne na nusu.

Milan ni kama 6,300. Kwa karatasi G-IV inafika. Lakini mstari huo unapita juu ya Sudan, na tangu vita vilipoanza huko Aprili 2023 safari nyingi zinaizunguka anga yake. Ongeza mzunguko huo, ongeza upepo wa magharibi wa majira ya baridi, ongeza watu 14 na masanduku, na utaona kwa nini dalali mkweli atakuandikia "huenda tukasimama kutia mafuta". Kusimama kwenyewe si balaa, ni saa moja hivi ardhini, Misri au Ugiriki. Balaa ni kuahidiwa hakuna kusimama, halafu mkajulishwa angani.

London ni kama 7,270. Kwa kundi, panga kusimama mara moja. Guangzhou ni kama 8,540, na G-IV lazima isimame. G-V, inayokwenda hadi kilomita 12,000 kwa hesabu ya kiwandani, inaweza kwa mruko mmoja.

Ndege ya miaka thelathini ni salama kweli?

Ninaulizwa hili na watu waliokunja uso, na wana haki ya kuuliza.

Ndege haihesabiwi umri kama gari. Kila sehemu muhimu ina kikomo chake cha saa, cha miruko, au cha miezi. Ikifika kikomo inakaguliwa au inatolewa. Ndege ya 1990 inaweza kuwa na injini zilizofunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa miaka mitatu iliyopita. Jambo la kuuliza ni kama vitabu vya matengenezo vimekamilika tangu siku ya kwanza, na kama ndege inaruka mara kwa mara. Jeti iliyokaa kwenye chumvi ya pwani miezi minane bila kuwashwa inanitisha zaidi ya ile inayoruka kila wiki, hata kama ya pili ina umri mkubwa zaidi. Mwenye mashua ya mbao ataelewa: chombo kisichoingia majini ndicho kinachopasuka.

Ajali ninayowasimulia watu ni ya tarehe 31 Mei 2014, kule Bedford, Massachusetts. Gulfstream G-IV ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia, ikawaka, na watu wote 7 waliokuwemo walifariki. Ndege yenyewe haikuwa na kasoro iliyoanzisha ajali ile. Kuna kifungo kinachozuia usukani na mabawa ya mkiani yasipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Marubani hawakukifungua, na hawakufanya ukaguzi wa usukani ambao ungewaonyesha kuwa kimefungwa. Wachunguzi wa Marekani walisoma kumbukumbu za ndege na kukuta kwamba katika miruko 175 iliyotangulia, marubani wale hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani katika asilimia 98. Walikuwa watu wenye uzoefu, wameruka pamoja miaka mingi. Mazoea yaliwaingia.

Ndiyo sababu nawaambia watu wasiniulize ndege ina miaka mingapi tu. Niulizeni marubani ni nani, wamefunzwa lini mara ya mwisho kwenye mashine ya mafunzo ya ndege hiyo hiyo, na nani anawakagua. Kuna wakaguzi wa nje kama ARGUS na Wyvern ambao kazi yao ni hiyo. Omba ripoti yao ya safari yako, yenye majina ya marubani wako na namba ya ndege yako.

Jambo moja la umri ambalo ni la kweli: kelele na vifaa. G-III zina injini za Spey za kizazi cha zamani, na Marekani iliziondoa jeti za kelele za aina hiyo mwishoni mwa 2015 isipokuwa zile zilizorekebishwa. Na kuvuka Atlantiki kwenye njia kuu siku hizi kunataka vifaa vya mawasiliano ambavyo si kila jeti ya zamani imewekewa. Kama mnakwenda Marekani, liulizeni hilo mapema.

Nitajuaje kama kampuni ni halali?

Kampuni inayokodisha ndege kwa fedha lazima iwe na cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga ya nchi yake. Kwa ndege ya Kenya, ambayo namba yake huanza na 5Y, ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Watu wanaishia hapo: wanaonyeshwa cheti, wanaridhika.

Usiridhike. Cheti kina kiambatisho kinachotaja ndege moja moja kwa namba zake za mkiani. Siku moja nililetewa cheti kizuri, muhuri upo, tarehe ipo. Nikaomba ukurasa wa ndege. Ukaja baada ya siku mbili, umepigwa picha kwa simu, na namba ya ndege tuliyoonyeshwa picha zake haikuwemo. Ndege ilikuwa ya mtu binafsi, imeruhusiwa kumbeba yeye na wageni wake bure, na dalali alikuwa anaiuza kwa mlango wa nyuma. Nikamrudishia karatasi zake. Ndege ya namna hiyo ikipata ajali, bima ina kila sababu ya kukataa kulipa, na wajane ndio watakaoijua sheria siku hiyo. Kuna kundi lililokuwa na haraka ya arusi lililonilaumu kwa kuwachelewesha siku nne. Nililipokea lawama hilo.

Kampuni ya nje ikitaka kuwachukua Mombasa inahitaji kibali cha kutua na cha kubeba abiria kwa malipo. Kampuni isiyo ya Ulaya ikiwapeleka Milan inahitaji idhini ya usalama ya Umoja wa Ulaya. Ulizeni vyote viwili kwa maandishi.

Bei ni kiasi gani?

Hesabu hufanywa kwa saa, na saa moja ya jeti hizi ni maelfu ya dola. Lakini saa zipi? Hapo ndipo pa kutazama.

Chukua safari ya Muscat. Nyinyi mtaruka saa nne na nusu kwenda na nne na nusu kurudi, jumla tisa. Kama ndege inakaa Dubai, itakuja Mombasa tupu saa nne na nusu, na ikishawarudisha itaondoka tupu nne na nusu nyingine. Mnalipia saa 18 na kukaa ndani ya ndege saa tisa. Ndiyo maana ndege ya bei ya juu kidogo inayokaa Nairobi inaweza kuwa nafuu kuliko ya bei ya chini inayokaa mbali. Mwulize dalali wazi: ndege inalala wapi?

Juu ya hapo kuna ada za kutua na kuegesha, ada za kupita anga za nchi, wahudumu wa kiwanja, chakula, na hoteli ya marubani mkikaa siku kadhaa. Bei ya kuaminika huviorodhesha vyote, na inasema bei ya mafuta ikipanda nani anabeba tofauti.

Safari tupu, yaani ndege inayorudi kwake bila abiria, hupatikana kwa bei ya chini sana. Sizitegemei kwa arusi. Mwenye ndege akibadilisha mpango wake, safari yenu imekwisha.

Tulipe vipi?

Benki kwa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Kwa kundi kubwa omba fedha zishikwe na wakili au benki mpaka ndege iwe tayari. Mtu akitaka amana mtume vipandevipande kwa M-Pesa kwenye namba yake binafsi, aganeni naye hapo hapo. Michango ya ukoo ni jasho la watu wengi. Wengine wameuza ng'ombe wao.

Ndege ikiharibika siku ya safari?

Inatokea, na kwa jeti za zamani vipuri vinaweza kuchukua siku kadhaa kufika Mombasa. Someni kifungu cha ndege mbadala kabla ya kutia sahihi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mkataba wangu wa mapema ulisema tutapewa "ndege inayolingana". Jioni ya kuamkia safari nikapigiwa simu kwamba ile kubwa ina hitilafu, inakuja nyingine. Ikaja asubuhi ndege nzuri, inang'aa, ya viti vinane. Tulikuwa kumi na watatu. Tulisimama pale kiwanjani na karatasi ya majina, na nikamwona bwana arusi anahesabu kwa kidole nani atabaki. Shangazi zake wawili walisema wao watabaki, kabla hajawafikia. Sijasahau. Tangu hapo mkataba ninaoukubali unataja idadi ya viti, urefu wa ndani, umbali bila kusimama, na muda wa mwisho ambao tukiupita tunarudishiwa fedha zote.

Tuna bibi wa miaka zaidi ya themanini. Ataweza?

Ndani ataweza vizuri kuliko ndege ya abiria: hakuna foleni, kiti kinalala, choo kiko karibu. Shida ni ngazi. Jeti hizi zina ngazi zao za mlangoni, nyembamba, na kiti cha magurudumu hakipandi.

Bibi mmoja wa Lamu tuliyemsafirisha alikataa kubebwa. Mjukuu mmoja alitangulia juu akirudi kinyumenyume, mwingine nyuma yake na mikono wazi bila kumgusa. Bibi akaishika kamba ya ngazi, akakunja buibui lake mkono wa pili, akapanda daraja moja moja na Bismillahi kila daraja. Rubani alishuka kumpokea mlangoni. Ilichukua dakika saba, na hakuna aliyemharakisha. Panga dakika hizo kwenye ratiba. Kwa asiyeweza kabisa, kampuni iagize mapema kiti cha kubebea na watu wanaojua kukibeba.

Mgonjwa je? Mgonjwa anayehitaji oksijeni au kulala machela anahitaji ndege ya wagonjwa yenye daktari. Hii sio.

Visa na chanjo zinahitajika?

Zote, kama kwa msafiri mwingine yeyote. Jeti haimfichi mtu. Uhamiaji, forodha na ukaguzi wa mizigo mtavipita Mombasa, tofauti ni kwamba foleni ni fupi. Kwenda India au Saudia kutoka Kenya beba kadi ya homa ya manjano. Kwa Umra ongeza chanjo ya uti wa mgongo. Ndugu wa pasipoti za nje wanaorudi nanyi waombe idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya, iliyoanza Januari 2024, siku kadhaa kabla.

Mizigo mingine?

Halwa, achari, mikate ya mofa, vyote vyema vikifungwa vizuri. Chumba cha mizigo cha G-IV kiko nyuma na mnaweza kukiingia mkiwa angani, ila njia yake inapita chooni, kwa hiyo mkoba wa dawa na wa mtoto kaa nao kitini. Magamba ya kasa na matumbawe yasiwemo kabisa kwenye masanduku. Miraa pia: Uingereza imeipiga marufuku tangu 2014, na Saudia na Imarati hawana msamaha nayo. Abiria mmoja akikamatwa nayo, ndege nzima inaweza kuzuiwa.

Chakula na swala?

Chakula agizeni Mombasa kwa mpishi mnayemjua, kiwe cha kupashwa moto. Jiko la ndani ni dogo na harufu ya kukaanga haiendi popote. Kibla mwulizeni rubani, atawaonyesha mara moja. Nafasi ya kusimama mtu mmoja au wawili kwa zamu ipo.

Lini unatuambia tusikodi?

Mkiwa wachache, sita au saba, nunueni tiketi za daraja la juu. Mkiwa arobaini mnaokwenda Umra, jeti hii si yenu. Ndege ya kawaida kupitia Nairobi itawagharimu sehemu ndogo sana. Inaanza kuwa na maana mkiwa kati ya kumi na kumi na sita, wazee wamo, siku hazibadiliki, na mwisho wa safari ni mahali ambapo ndege za kawaida zingewapitisha viwanja viwili au vitatu na usiku mmoja sakafuni. Nikiona hesabu haikubali nawaambia, hata kama nakosa kazi.

Tuanze lini, na tulete nini?

Wiki sita kabla, nane kama ni Desemba au kipindi cha Idi. Leteni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili kwa afisa wa mpakani. Leteni tarehe mbili badala ya moja. Leteni idadi ya masanduku. Na mje wenyewe mpimwe. Mizani iko chumba cha ndani, na mlango unafungwa.